Herufi Moja

Saa sita na robo usiku, Rēzekne.
Baridi imeyang'ata mabomba hadi yanapiga mluzi,
na mimi, Anele, mtunza mashine inayohesabu joto la mji,
nimejifungia nje ya nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Sikuibiwa. Hakuna mdukuzi wa ng'ambo, hakuna kirusi.
Nilitaka kujiongeza kwenye kundi la printa,
jambo la dakika, chai bado inafuka,
nikasahau herufi moja, a,
ile inayosema: ongeza juu ya vilivyopo.
Bila yake mashine haiongezi. Inabadilisha.
Ikanivua makundi yote kama mtu anayevuliwa koti mlangoni,
ikaniachia printa.
Mtazameni mtawala: anaruhusiwa kuchapa.

Nikaomba ukuu kwa nenosiri
ambalo vidole vyangu vinalijua kuliko mimi.
Ikajibu kwa adabu ya karani:
Anele hayumo kwenye orodha. Tukio hili litaripotiwa.
Litaripotiwa!
Kwa nani, ewe chuma?
Mpokea ripoti ni mimi.

Yupo Mzizi, mkuu wa wakuu, asiyeulizwa.
Lakini Mzizi nilimfunga kwa mkono wangu, miaka minne iliyopita,
nikamnyima nenosiri, nikasema asiingie mtu kwa jina hilo,
nikasifiwa kikaoni, nikakatiwa keki.
Mchimba kisima huingia mwenyewe.
Hakuna aliyeniambia kwamba humo chini mtu husikia feni tu,
feni na moyo wake.

Nikaenda kumwamsha Broņislavs, bawabu wa zamu,
aliyelala na kofia ya manyoya machoni.
Hajui kompyuta; anajua milango.
Akaja akiburuta viatu, funguo zikilia kiunoni,
akajaribu wa kwanza, wa pili, akatukana wa tatu,
wa nne ukazunguka.

Tanuru hazikujali, zina akili zake.
Nilikata umeme wa seva nikihesabu dakika:
kwenye mchoro wa kesho kutakuwa na pengo,
kama jino lililong'oka.
Nikaiwasha, nikakandamiza kitufe kabla haijapata fahamu,
pale ambapo kila mashine ni mtoto anayeuliza
niamke vipi?
Nikahariri mstari wake wa kuamkia:
usimwite yeyote, usiulize jina,
diski iwe ya kusomwa na kuandikwa,
kisha nipe ganda tupu la amri.

Skrini ikatiririka, ikasita.
Pembeni ikasimama alama ya reli,
wima mbili, mlalo mbili,
kidirisha kisicho na mtu ndani.
Haikuniuliza nenosiri.
Niseme kweli, hilo lilinitia baridi kuliko Januari ya nje.
Miaka yote ile ya herufi kubwa na ndogo, ya nambari na nukta,
ya kuwagombeza wahasibu wabadilishe kila miezi mitatu,
na anayeweza kuigusa mashine kwa mkono ndiye mwenye mashine.

Nikajirudisha kundini, safari hii na a yangu,
nikaikagua mara tatu kama mama anayefunga vifungo vya mtoto.
Broņislavs alikuwa bado mlangoni.
"Nenosiri umelipata?"
Nikamwonyesha kiuno chake.
Akazitazama funguo kwa muda mrefu,
kisha akaziingiza mfukoni, taratibu,
na tangu usiku huo haziachi tena mezani.

Saa nane nilifungua sanduku la barua za mfumo.
Ripoti ilikuwa imefika, imeandikwa vizuri,
mahali, saa, jina la mkosaji.
Nikaisoma yote.
Nikaiweka alama: imeshughulikiwa.
Chai ilikuwa imeshika utando.
Nikainywa hivyo hivyo.